Hodi ya Mtoto

Juma lililopita nilikuwa katika zamu ya kutembelea washarika nyumba kwa nyumba, na nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja anayekaa upande wa juu wa mtaa wetu hapa Iringa. Nilimkuta uani kwenye kigoda, ungo magotini, anachambua maharage ya jioni. Pembeni yake, juu ya kipande cha mkeka, alikaa mjukuu wake wa miaka minne na sahani ya bati. Mama wa mtoto alikuwa sokoni na mboga zake tangu alfajiri, na baba alikuwa barabarani na bodaboda.

"Kamwene, Mchungaji, karibu," bibi aliniambia. "Ila utuvumilie kidogo, huyu mume wangu yuko kazini."

Mtoto hakuinua macho. Alikuwa ameshika punje moja kwa ncha za vidole viwili, anaigeuza huku na huku kama fundi saa. Kisha akaamua. "Hili jekundu." Akaliweka pamoja na wenzake. Akachukua jingine. "Hili lina madoa." Akachukua la tatu, akalitazama muda mrefu zaidi. "Bibi, hili jiwe." Na kweli lilikuwa jiwe.

Kazi ambayo bibi yule peke yake angeimaliza kwa dakika kumi iliwachukua karibu saa nzima. Sahani ilipinduka mara mbili. Mara zote mbili bibi alisema, "Pole, mume wangu, tuokote," wakaokota wote wawili, na bibi akawa anahesabu kwa sauti ya chini kila punje iliyorudi sahanini. Mtoto alimfuatisha. Alipofika kumi na mbili akaruka hadi kumi na tano. Bibi hakumkatiza. Alihesabu upya tu, polepole, na kumi na tatu ikapata nafasi yake.

Tulikuwa bado tumekaa pale baba mtu aliporudi. Alivua kofia ngumu, akanisalimu kwa heshima, akakaa kwenye ngazi. Baada ya muda akasema jambo ambalo naona lilikuwa linamkaa moyoni. "Mchungaji, wenzetu watoto wao wanaenda chekechea za kulipia. Wana vitabu vya rangi na midoli ya kujifunzia. Sisi huyu tutamfundisha nini humu ndani, na mimi mwenyewe shule niliishia njiani?"

Nilimjibu maneno machache, tukaomba, nikaaga. Lakini swali lake nilitembea nalo hadi nyumbani, na leo nataka tulitazame pamoja, kwa sababu najua si lake peke yake. Huenda nawe umewahi kusimama dukani mbele ya boksi la midoli, ukatazama bei, ukatazama mfuko wako, ukaondoka ukijiona mzazi pungufu.

Turudi kwanza kwenye ule ungo. Vidole viwili vinavyookota harage ndivyo vitakavyoshika penseli. Mtoto anayetenganisha mekundu na yenye madoa anajifunza kutazama tofauti ndogo, na herufi b na d zitakapomjia siku moja, tofauti yake ni ndogo vilevile. Anahesabu kitu anachokigusa, si namba iliyoning'inia hewani. Anasikia maneno: jekundu, madoa, punje, jiwe, mengi, machache. Na juu ya yote, yupo mtu mzima ambaye kila anaposema neno, anamjibu. Ubongo wa mtoto hukua haraka mno katika miaka hii. Kufikia umri wa miaka sita unakuwa umefika takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo katika zile saa za uani, ambazo sisi tunaziona za kungojea mtoto akue aanze shule, shule yenyewe imeshaanza.

Desemba 2021 nchi yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Ndani yake yametajwa mambo matano ambayo mtoto anayahitaji yote kwa pamoja: afya bora, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na jambo moja ambalo jina lake lilinigusa nilipolisikia mara ya kwanza, nalo ni malezi yenye mwitikio. Mwitikio! Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalijua jambo hili tangu zamani. Mtu akisimama mlangoni akasema "Hodi", hatumwachi amesimama. Tunaitikia "Karibu", hata kama mikono ina unga. Msimuliaji akisema "Paukwa", tunajibu "Pakawa". Akitoa kitendawili tunamwambia "Tega". Katika desturi zetu neno likiachwa bila kuitikiwa, ni kama mgeni aliyeachwa juani.

Mtoto naye anabisha hodi. Bado hajui kusema kwa maneno mengi, "Mama, nataka kujua dunia ikoje, na nataka kuijua nikiwa nawe." Kwa hiyo anabisha kwa namna yake: anakuvuta kanga, anakuletea kopo tupu, anakuonyesha mdudu, anauliza "nini hii?" mara ishirini kabla ya saa nne asubuhi. Kucheza kwake ndiko kubisha kwake. Je, katika siku yako ya kawaida, hodi hizo zinapata karibu ngapi?

Siulizi ili ujilaumu. Najua unavyorudi umechoka. Nataka tu tuone kwamba tunachoombwa ni kidogo na kiko karibu kuliko tunavyodhani.

Bwana wetu aliitazama michezo ya watoto kwa makini. Katika Injili ya Mathayo sura ya 11, na tena katika Luka sura ya 7, anawataja watoto waliokaa sokoni wanacheza, mara wanaigiza harusi kwa filimbi, mara wanaigiza msiba. Mtu hawezi kusema hivyo kama alipita sokoni akiwaza mambo makubwa tu. Alisimama, akaona mchezo ulivyoanza, akasikia na ugomvi wa watoto waliokataa kucheza. Na nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipotaka kuwaonyesha watu waliorudi kutoka Babeli jinsi mji wao utakavyopona, aliweka mbele yao picha mbili tu: wazee wameketi njiani na mikongojo yao kwa sababu ya umri mwingi, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Mzee aliyeketi na mtoto anayecheza. Nilipokumbuka maandiko hayo, nilimwona bibi yule na sahani ya bati.

Basi, tukiwa nyumbani, tufanye nini? Nitataja machache niliyoyaona yakifanyika, na wewe utayaongezea ya kwako.

Okota vizibo vya soda, vioshe, viweke kwenye kopo. Mtoto wa miaka mitatu atavipanga mstari na kuvibomoa, na hiyo inatosha. Wa miaka minne mwambie avipange kwa zamu, chekundu, cheupe, chekundu, cheupe, kisha ondoa kimoja akiwa amefumba macho, umwulize ni kipi kimepotea. Wa miaka mitano mwandikie herufi za jina lake, moja kwenye kila kizibo, kwa kalamu ya wino mzito. Atalitafuta jina lake kama anavyotafuta kiatu kilichopotea. Nimeona mtoto akilala na kizibo chenye herufi yake ya kwanza mkononi.

Siku ya kufua, mwachie beseni dogo la maji, kikombe, chupa iliyokatwa na kichujio cha chai. Atamimina saa nzima. Atagundua kwamba kikombe kimoja hakijazi chupa, lakini vitatu vinaijaza, na kwamba kichujio hakishiki maji hata ukikibembeleza. Baadaye nguo zikikauka, mpe soksi zote azitafutie wenzake. Hapa niseme jambo la usalama kwa upendo: usimwache mtoto mdogo peke yake na maji hata kidogo, hata ya ndoo, hata kwa muda wa kwenda kufunga geti. Na punje kama maharage au vijiwe ni vya mtoto ambaye ameshaacha kutia vitu mdomoni na puani, na bado mtu mzima awepo. Mdogo zaidi mpe sufuria, mwiko, kibuyu, kitambaa.

Baba, wewe una ndala zilizokatika. Zikate ziwe magurudumu manne, chukua boksi la kiatu na vijiti viwili, mtoto akushikilie huku unatoboa. Gari hilo halitadumu juma moja, na hata likivunjika kuna kazi nyingine, maana kulitengeneza upya ni mchezo mzuri kuliko kulitengeneza mara ya kwanza. Ninapenda sana kumwona baba amechuchumaa na mtoto juu ya kitu kilichovunjika. Mtoto anajifunza kitu pale ambacho mimi madhabahuni nahangaika kukieleza mwaka mzima, kwamba kilichoharibika si lazima kitupwe.

Na umeme ukikatika, usihuzunike. Tega vitendawili, anza na vyepesi, umruhusu na yeye atege hata kama chake hakina jibu. Simulia hadithi kwa lugha ya nyumbani kwenu, Kihehe, Kibena, Kiswahili, yoyote inayokutoka moyoni, maana mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama yake haendi shuleni mikono mitupu.

Kuhusu simu nitapita haraka, kwa kuwa wengi mmeshasikia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mimi ninachokiona katika ziara zangu ni hiki: simu haiitikii. Mtoto anaweza kuiuliza "nini hii?" siku nzima, nayo itaendelea na wimbo wake.

Nisimame kidogo hapa, maana nimefika mahali ambapo moyo wangu mwenyewe unaguswa.

Sisi utotoni tulicheza kombolela. Mmoja anafumba macho ukutani na kuhesabu, wengine wanajificha. Akikuona, anataja jina lako na kugusa ukuta, basi umekamatwa, unasimama pale. Lakini akibaki mmoja ambaye hajaonekana, akachomoka mafichoni na kuufikia ukuta kabla ya mlinzi, amewakomboa wote. Sikumbuki furaha nyingi za utoto wangu zinazofanana na ile ya kusimama ukutani umekamatwa, kisha kumsikia mwenzako anakuja mbio gizani kwa ajili yako.

Watoto wadogo kombolela yao ni nyepesi. Wanajificha nyuma ya pazia, miguu iko nje, wanacheka. Wewe unazunguka chumba unasema, "Jamani, amekwenda wapi? Kwenye ndoo hayupo. Chini ya meza hayupo." Mtoto huyu hajifichi ili asionekane. Anajificha ili atafutwe. Anapokusikia ukitaja jina lake kila kona ya chumba, anajua moyoni kwamba yupo mtu ambaye akimkosa hatatulia.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitano, jioni moja ya Jumamosi, alinijia mezani nikiwa naandaa mahubiri. "Baba, najificha, unitafute." Nikamwambia, "Sawa baba, kajifiche." Akakimbia. Nami nikarudi kwenye daftari langu. Sikukusudia kumdanganya. Nilidhani nitamalizia sentensi moja, na sentensi ikazaa nyingine. Mama yake aliporudi kutoka mazoezi ya kwaya akauliza mtoto yuko wapi, ndipo nikashtuka kama mtu aliyeangusha chombo. Tulimkuta stoo, nyuma ya gunia la mahindi, amelala. Vumbi la mahindi lilikuwa limemganda shavuni mahali machozi yalipopita.

Nilichuchumaa pale stoo. Nilikuwa na maneno ya kujitetea, na yalikuwa maneno mazuri, ya kazi ya Mungu. Namshukuru Bwana kwamba hayakunitoka. Alipofumbua macho nilimwambia, "Baba amekosa. Nilisema nitakutafuta, sikukutafuta. Nisamehe, mwanangu." Alinitazama muda, akapangusa uso kwa mkono. Kisha akasema, "Haya, sasa jifiche wewe."

Basi! Hakunipa masharti. Hakungoja nione aibu ya kutosha. Alinirudisha mchezoni. Nilijificha nyuma ya mlango nikiwa na kanzu yangu na machozi yangu, na alinitafuta kwa bidii ambayo mimi sikuwa nayo, akaita "Baba!" hadi akanipata.

Mpendwa, je, kuna mtoto nyumbani kwako ambaye bado yuko nyuma ya gunia? Pengine ulimfokea asubuhi kwa sababu ya maji yaliyomwagika. Pengine uliahidi Jumamosi utakaa naye, Jumamosi ikapita. Unaweza kuchuchumaa leo. Neno "nisamehe" mbele ya mtoto halimpunguzi mzazi heshima. Mtoto anayelisikia kutoka kwa mtu mkubwa anaijua njia yake, na siku yake ya kulihitaji ikifika halitakuwa geni mdomoni mwake. Na wewe ambaye watoto wako wameshakua, wako mbali, na unaposoma haya unaumia kwa miaka iliyopita: simu ya jioni ya leo nayo ni hodi. Wapo na wajukuu. Wapo watoto wa jirani. Yupo Mungu ambaye hajaacha kukutafuta na wewe katika kila kona.

Kuna picha katika Hosea, sura ya 11, ambayo naiona kuwa ya upole kuliko nyingi katika manabii wote. Mungu anasema habari za watu waliomwacha, na katika huzuni yake anakumbuka jinsi alivyowafundisha kutembea, akiwashika mikono, na jinsi alivyoinama awalishe. Umewahi kumfundisha mtoto kutembea? Basi unajua mgongo unavyouma. Unatembea kinyumenyume, umepinda, unakwenda mwendo wake, wala huwezi kumharakisha, maana ukimvuta ataanguka. Hiyo ndiyo kazi ambayo Mwenyezi anaikumbuka kwa mapenzi. Anakumbuka mwendo wa polepole, uso kwa uso na mtoto ambaye miguu yake bado haijashika chini.

Ndiyo maana siwezi kukuona mzazi pungufu kwa sababu ya boksi la midoli lililobaki dukani. Naomba tu, juma hili, uchague kazi moja unayoifanya kila siku, kufagia, kukunja nguo, kuchambua mchele, kumenya viazi, uifanye mara moja kwa mwendo wa mtoto. Itachelewa, wala haitakuwa safi sana. Ukiona hasira inapanda, vuta pumzi, useme kama bibi yule, "Pole, tuokote." Siku moja ikikushinda, usikate tamaa. Kesho yake anza tena, kama anavyoanza mtoto aliyeruka kutoka kumi na mbili hadi kumi na tano.

Jumatano hii nilipita tena nyumbani kwa bibi kumpelekea baba mtu jibu lake, lakini alikuwa hajarudi kutoka barabarani. Uani palikuwa na ungo ule ule. Mtoto alikuwa amepanga maharage chini, kwenye udongo uliofagiliwa, mstari mmoja umesimama na mwingine umelala, herufi ya kwanza ya jina lake. Bibi hajui kusoma sana, lakini herufi hiyo ameijua, alionyeshwa na baba mtu jana yake usiku, wakaifanya wote watatu kwa mwanga wa tochi.

"Ya kwako ipoje?" mtoto akaniuliza.

Nikachuchumaa, nikamwonyesha kwa kidole kwenye udongo. Akaitazama, akachagua mekundu peke yake, akaanza na punje ya kwanza. Bibi akaenda kunichemshia chai.